Chungu Kimoja, Wapishi Watano

Mume na mke wanaofanya kazi mahali pamoja hawawezi kuiacha kazi mlangoni warudipo nyumbani. Huingia nayo, huketi nayo mezani, na pengine hulala nayo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Chris Frantz na mkewe Tina Weymouth mwanzoni mwa mwaka 1980. Mume alikuwa mpiga ngoma, mke alikuwa mpiga gitaa la besi, na wote wawili walikuwa katika bendi ya Talking Heads ya mjini New York, Marekani. Bendi hiyo ilikuwa imekwisha kutoa santuri ndefu tatu katika miaka mitatu, ilikuwa imezunguka huku na huku ikipiga usiku baada ya usiku, na jina lake lilikuwa limeanza kutajwa kwa heshima. Lakini Bibi Weymouth alikuwa amechoka. Aliona kwamba mwimbaji wao, David Byrne, alikuwa amejitwalia mamlaka mengi kupita kiasi, na kwamba wenziwe wamegeuka vibarua katika shamba walilolifyeka pamoja tangu mwanzo. Alifikiri juu ya kuondoka. Mumewe hakutaka.

Wala Byrne hakuwa mgeni kwao. Watatu hao walijuana walipokuwa wanafunzi wa chuo cha sanaa katika mji wa Providence, wakahamia New York, wakaishi kwa shida, na mwaka 1975 wakapanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika kilabu ndogo iitwayo CBGB. Bibi Weymouth alijifunza kupiga besi kwa sababu bendi ilikuwa haina mpigaji, naye alikuwa tayari kuijaza nafasi iliyokuwa wazi. Jambo ambalo wanawake wengi wanalifahamu. Mwaka 1977 akajiunga nao Jerry Harrison, mpiga kinanda na gitaa, na mwaka huo huo Frantz na Weymouth wakafunga ndoa. Basi ugomvi uliokuwapo mwaka 1980 ulikuwa ugomvi wa watu waliokwisha kula sahani moja, nao ndio ulio mgumu kuamua.

Kulikuwa na mtu wa tano. Huyu ni Brian Eno, Mwingereza, ambaye alikuwa ametayarisha santuri zao mbili zilizotangulia. Kazi ya mtayarishaji katika studio yafanana na kazi ya mpishi mkuu: hana lazima ya kukata vitunguu mwenyewe, lakini ndiye anayesema moto uongezwe au upunguzwe. Eno alikuwa na kawaida ya kupita mipaka ya kazi hiyo. Alipendekeza, alipiga vyombo, aliimba, alikata na kuunga kanda. Yeye na Byrne walikuwa marafiki wakubwa, na katika mapumziko yale ya mwaka 1980 walikuwa wakiishughulikia santuri yao wawili, waliyoipa jina la kitabu cha mwandishi wa Nijeria, Amos Tutuola: My Life in the Bush of Ghosts. Humo hawakuimba. Walichukua sauti za wahubiri wa redio na za waimbaji mbalimbali, wakazitandika juu ya ngoma.

Wakati huo Frantz na mkewe walikuwa katika visiwa vya Karibi. Walikwenda Haiti, wakazisikiliza na kuziona ngoma za ibada za huko, ambazo asili yake ni Afrika Magharibi. Walikwenda Jamaica, wakakaa na Sly Dunbar na Robbie Shakespeare, wapigaji wawili wa ngoma na besi waliokuwa wakitafutwa na kila mwimbaji wa rege. Mahali fulani katika safari hiyo hasira ya Bibi Weymouth ilipoa, au tuseme iliwekwa kando. Mumewe alikuwa akimsihi bendi isivunjwe, na mwishowe walirudi New York bado wakiwa wanamuziki wa Talking Heads.

Upatanisho haukufanywa kwa barua wala kwa mkutano. Ulifanywa nyumbani kwao. Frantz na mkewe walikuwa wakiishi katika ghala kuukuu lililogeuzwa makazi, upande wa pili wa mto kutoka Manhattan. Hapo vyombo viliwekwa, Harrison akaja, wakaanza kupiga tu bila ya kuwa na wimbo. Byrne akaja. Eno, ambaye hakuwa na hamu ya kutayarisha santuri nyingine ya bendi hii, alizisikia kanda za majaribio hayo, akaghairi. Mambo mengi ambayo wanaume wa bendi hiyo wangeshindwa kuyaamua kwa maneno yaliamuliwa kwa ngoma na besi katika sebule ya mke na mume.

Waliafikiana jambo moja, na jambo hilo ndilo kiini cha habari hii. Katika santuri zilizopita Byrne alikuwa mtungaji mkuu. Alileta wimbo, na wenzake wakaupamba. Safari hii hakuna atakayeleta wimbo. Wote wataingia studio mikono mitupu, watapiga, na nyimbo zitatokana na kupiga kwao pamoja. Byrne mwenyewe alisema wakati ule kwamba kila mmoja ajinyime nafsi yake kwa ajili ya ushirikiano. Wazo hilo halikutoka hewani. Lilitoka Afrika.

Kwa miaka kadhaa Eno alikuwa akizisikiliza santuri za Fela Kuti wa Nijeria, na hasa ile iitwayo Afrodisiac ya mwaka 1973, akawasikilizisha na wenzake. Muziki wa Fela, ulioitwa afrobiti, huchanganya fanki ya Wamarekani weusi, jazi, na ngoma za Kiyoruba. Wimbo mmoja waweza kuchukua upande mzima wa santuri. Gitaa moja hupiga kipande kifupi, likakirudia. Gitaa la pili hupiga kipande kingine katika nafasi zilizoachwa na la kwanza. Besi nayo hushika njia yake. Na mpiga ngoma, Tony Allen, kila kiungo chake kana kwamba kina akili yake. Hakuna hata mmoja wao anayepiga wimbo. Wimbo ni kile kinachosikika wote wanapopiga.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuelezwa sana. Amewaona wapigaji wa amadinda wa Buganda, wamekaa pande mbili za magogo, kila mmoja akipiga yake katikati ya mapigo ya mwenziwe hata sikio lisiweze kuwatenganisha. Amewaona wapiga ngoma wa Burundi, ambao baadhi hushikilia mdundo usiobadilika, wengine wakaifuata inkiranya iliyo katikati. Na kwa kuwa Burundi imetajwa, haifai kupita bila kusema kwamba ngoma hizo zilizonaswa katika kanda mwaka 1967 zilikwisha kufika Ulaya, zikaongezewa magitaa na vinanda mwaka 1971, na mwaka ule ule wa 1980 vijana wa Kiingereza wa bendi ya Adam and the Ants walikuwa wakipata umaarufu kwa mdundo wa namna hiyo. Talking Heads hawakuwa peke yao waliokuwa wakichungulia ua wa jirani.

Lakini wao angalau walisoma. Byrne alikuwa na kitabu cha John Miller Chernoff, Mmarekani aliyekaa Ghana miaka mingi akijifunza kupiga ngoma, kilichochapishwa mwaka 1979. Chernoff aeleza kwamba katika ngoma za huko ustadi wa mpigaji haupimwi kwa wingi wa mapigo yake, bali kwa nafasi anazowaachia wengine. Na kwamba mtu hajui maana ya pigo lake mpaka alisikie pigo la mwenzake. Kwa wasanii waliokuwa wakigombea nani mkubwa, maneno hayo yalikuwa dawa. Iwapo waliinywa yote, hilo litaonekana mbele.

Mwezi wa Julai 1980 walikwenda Nassau, visiwani Bahama, katika studio ya Compass Point iliyojengwa na Chris Blackwell, yule aliyemtangaza Bob Marley duniani. Studio ilikuwa karibu na bahari, joto lilikuwa kali, na kazi ilianza asubuhi bila ya wimbo hata mmoja. Mtu alipiga kipande cha besi. Mwingine akajibu kwa ngoma. Wakakishikilia kipande hicho kwa dakika nyingi bila kukibadili, kama mashine, na kanda ikizunguka. Siku hizi kompyuta hurudia kipande kama hicho kwa kubonyeza kitufe. Wao walikirudia kwa vidole, na ndiyo maana hata leo sikio husikia kwamba ni watu: pigo hili limechelewa kidogo, lile limewahi. Kisha aliingia mwingine kuongeza chake juu, na mwingine tena, hata kanda ikajaa.

Nyimbo nyingi za roki hubadili sauti za gitaa zitokapo katika ubeti kwenda katika kiitikio, na msikilizaji hujua kwa kubadilika huko kwamba mlango umefunguliwa. Nyimbo hizi hazikuwa na mlango. Karibu zote zilikaa katika sauti zile zile mwanzo mpaka mwisho. Namna pekee ya kupata ubeti na kiitikio ilikuwa ni kwenye meza ya kuchanganyia sauti: hapa zizimwe gitaa mbili, pale iwashwe ngoma ya pembeni, hapa vibaki besi na mguu wa ngoma tu. Fundi wa mitambo akawa mwanamuziki kama wengine.

Fundi wa kwanza hakuipenda kazi hiyo, hasa ile haraka ya Eno ya kutaka mambo yafanywe upesi na yaachwe yalivyo. Baada ya siku chache aliondoka. Nafasi yake ikashikwa kwa muda na kijana wa Jamaica, Steven Stanley, kisha akaja Dave Jerden kutoka Marekani. Frantz hakuacha kumsifu kijana Stanley, na alisema kuwa mkono wake ulikuwa mkubwa katika kuuzaa wimbo uliokuja kuwa maarufu kuliko wote, Once in a Lifetime.

Wimbo huo wastahili maneno zaidi. Besi yake ni sauti chache tu, kisha kimya, kisha zile zile tena. Yule aliyejifunza besi ili kuijaza nafasi sasa alionyesha thamani ya kuiacha nafasi wazi. Eno aliposikia mdundo ule, sikio lake lililiweka pigo la kwanza mahali tofauti na walipoliweka wanabendi. Mahali pengine kosa kama hilo lingerekebishwa. Wao waliliacha: baadhi ya vyombo vikaufuata mwanzo huu, vingine mwanzo ule, na ndiyo sababu wimbo huo huonekana kama unayumba juu ya maji bila kuzama. Eno hakuridhika nao, nao ulikaribia kutupwa. Byrne ndiye aliyeung'ang'ania.

Maana ilikuwa bado hawana maneno. Byrne alirudi Marekani na kanda zenye muziki mtupu, na kwa muda akashindwa kuandika. Yaeleweka. Muziki uliotungwa na watu watano hauna mwanya uliokatwa kwa kipimo cha mwimbaji mmoja. Alilopata kumsaidia ni redio. Aliwasikiliza wahubiri wa Kimarekani, namna wanavyoanza kwa upole, wanavyorudia neno, wanavyopandisha sauti na kuvuta pumzi, akayaiga mahadhi yao akiyatia maneno yake. Katika Once in a Lifetime mhubiri huyo amwambia mtu wa kawaida, mwenye nyumba nzuri na gari na mke, kwamba siku moja ataamka ajiulize amefikaje hapo. Mahubiri yasiyo na wokovu, mtu aweza kusema. Lakini baba na mama wengi wamejiuliza swali hilo wakiwa jikoni, wala hawakuhitaji kuwa Wamarekani.

Wimbo mwingine, Listening Wind, wamhusu kijana aitwaye Mojique, anayewaona wageni wa Kimarekani wakiitawala nchi yake kwa fedha na anakusudia kuwapiga kwa mabomu. Byrne hamshangilii wala hamlaani. Anasimama upande wake na kuutazama ulimwengu kwa macho yake. Kwa mwanamuziki wa New York wa mwaka 1980, mwaka ambao Wamarekani walikuwa wameshikwa mateka Tehran, huo ulikuwa ujasiri. Wimbo wa mwisho, The Overload, ni mzito na wa giza, na kwa wengine huchosha. Si kila kilichotoka katika chungu kile kilikuwa kitamu.

Kazi iliyobaki ilimaliziwa New York na Los Angeles. Adrian Belew, mpiga gitaa aliyekuwa amepiga na Frank Zappa na David Bowie, aliletwa akaliliza gitaa kama mnyama na kama mtambo. Katika wimbo The Great Curve msikilizaji asiyejua atabisha kwamba hilo si gitaa. Nona Hendryx, mwimbaji mweusi aliyekuwa katika kundi la Labelle, aliongeza sauti yake ya uitikizaji. Jon Hassell alipuliza tarumbeta katika Houses in Motion. Santuri ikawa na nyimbo 8, na dakika 40 hivi kwa jumla.

Likatokea tatizo la kuchekesha. Bendi ilikuwa na watu 4, na muziki walioutengeneza hauwezi kupigwa na watu 4. Ikawabidi wawatafute wengine, wakawa 9. Aliitwa Bernie Worrell, mpiga kinanda wa Parliament na Funkadelic, ambaye ni miongoni mwa watu walioijenga fanki yenyewe. Wakaitwa Busta Jones wa besi ya pili, Steve Scales wa ngoma za mkono, Dolette McDonald wa kuimba, pamoja na Belew. Tarehe 23 Agosti 1980 kundi hilo lilipanda jukwaani katika tamasha la Heatwave nchini Kanada, mbele ya umati mkubwa uliotazamia kuwaona vijana wanne wa Kizungu wakipiga roki. Waliona Weusi na Weupe, wanawake na wanaume, wakicheza huku wakipiga. Wakati huo redio nyingi za Marekani zilikuwa zimeutenga muziki wa Weusi na wa Weupe, huu na stesheni zake, ule na zake. Jukwaa lile lilikuwa jibu, ingawa hakuna aliyelitolea hotuba.

Santuri iliitwa Remain in Light, ikatoka mwezi wa Oktoba 1980. Jalada lake lilishughulikiwa na Frantz na Weymouth kwa msaada wa wataalamu wa kompyuta wa chuo cha MIT, katika siku ambazo kompyuta ilijaza chumba: nyuso nne zilizofunikwa rangi nyekundu, na upande wa pili ndege za kivita zinazoruka juu ya milima. Ndege hizo zilikuwa heshima kwa baba yake Bibi Weymouth, aliyekuwa amiri wa jeshi la maji la Marekani.

Ndipo santuri zilipochapwa, wakasoma majina.

Kwa maelezo ya Frantz na mkewe, mapatano yalikuwa kwamba majina ya wote watano yaandikwe kwa utaratibu wa alfabeti kama watungaji wa nyimbo zote. Kilichochapwa kilimtaja David Byrne, kikamtaja Brian Eno, kisha kikasema Talking Heads. Wawili walikuwa na majina. Watatu walikuwa wamo ndani ya jina la bendi, kama watoto wanaoandikwa chini ya jina la baba. Tina Weymouth alilisema wazi jambo hilo katika miaka iliyofuata, na mumewe alilieleza tena kwa uchungu katika kitabu chake cha mwaka 2020, miaka 40 baadaye. Byrne, kwa upande wake, ndiye aliyeandika karibu maneno yote, na mtu aweza kusema kwamba maneno ni nusu ya wimbo. Hata hivyo santuri hii haikuanza na maneno. Ilianza na watu waliokubali kutokuwa na mwenye wimbo, na ushirika huo ulidumu muda wote wa kupiga, ukavunjika siku ya kuandika karatasi.

Msomaji asidhani kwamba huko walikoazima mambo yalikuwa safi. Fela Kuti aliimba juu ya haki na aliteswa kwa ajili yake; mwaka 1977 askari waliivamia nyumba yake mjini Lagos, wakaichoma, na mama yake mzee akatupwa kutoka dirishani, akafa mwaka uliofuata. Huyo huyo Fela, ndani ya bendi yake, ndiye aliyekuwa bwana. Tony Allen, ambaye Fela mwenyewe alikiri kwamba bila yeye pasingekuwa na afrobiti, alimwacha mwishoni mwa miaka ya sabini, na mojawapo ya sababu ilikuwa malipo na kutotambuliwa kwa kazi yake. Kitabu cha Chernoff kilisema kweli juu ya ngoma. Hakikuwa kimezungumza juu ya mikataba.

Na Fela mwenyewe, je? Hakuna wimbo wake uliochukuliwa, wala sheria haimtambui mtu aliyechukuliwa namna yake tu ya kupanga mapigo. Talking Heads hawakuficha chanzo. Waliwatajia waandishi wa habari, wakawapa hata orodha ya vitabu vya kusoma, jambo ambalo baadhi ya waandishi walilicheka. Kipande kimoja ambacho hawakukimaliza kilikuja kutolewa miaka mingi baadaye kikiwa na jina la Fela. Kukiri ni afadhali kuliko kunyamaza. Kwamba kukiri kwatosha, hilo wengi wa Lagos wasingekubali.

Santuri ilifika nafasi ya 19 katika orodha ya Marekani, na ya 21 Uingereza, ambako wimbo Once in a Lifetime, uliotolewa kwa santuri ndogo, ulifika nafasi ya 14 mwaka 1981. Haukuwa ushindi wa kutisha. Heshima ilikuja polepole. Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika hazina yake ya kumbukumbu za sauti kwa mwaka 2016. Eno hakutayarisha tena santuri ya bendi hiyo. Mwaka 1981 Byrne na Harrison kila mmoja alitoa kazi yake, na Frantz na Weymouth wakarudi Nassau, wakamwita Steven Stanley, wakaanzisha kundi lao, Tom Tom Club. Santuri yao ya kwanza, iliyochezwa sana katika kumbi za Weusi mjini New York, ilipendwa kupita walivyotazamia wengi. Hapo jina lililoandikwa lilikuwa lao. Talking Heads iliendelea hata mwaka 1991, ikavunjika bila ya kuagana vizuri. Ndoa ya mpiga ngoma na mpiga besi haikuvunjika.

Katika matoleo ya baadaye ya Remain in Light majina yamepangwa upya, wote watano, kwa alfabeti: Byrne, Eno, Frantz, Harrison, Weymouth. Alfabeti nayo ina upendeleo wake.

Mwaka 1983 binti mmoja wa Benin, Angélique Kidjo, alifika Paris akiikimbia serikali ya nchi yake iliyotaka waimbaji waisifu. Huko akausikia Once in a Lifetime katika karamu ya vijana. Akasema huo ni wa Afrika. Wenzake wakamwambia hapana, huo ni roki. Waafrika hawawezi kutengeneza kitu kama hicho. Hakuwa na uwezo wa kubishana nao siku ile, maana hakujua hata jina la waliouimba. Mwaka 2018, akiwa mwimbaji maarufu duniani, aliirekodi santuri yote upya, wimbo kwa wimbo, akiongeza maneno ya Kifon na ya Kiyoruba mahali ambapo Byrne alikuwa ameacha nafasi. Miongoni mwa waliopiga ngoma humo alikuwa mzee wa miaka 77 aliyekuwa akiishi Paris. Jina lake limeandikwa: Tony Allen.